Kuchagua Amplifaya ya Kupigia Gitaa la Jazz

Mpiga gitaa wa jazz anapokwenda kutafuta amplifaya, swali la kwanza analoulizwa dukani, na ambalo mara nyingi ameshajiuliza mwenyewe njiani, ni kama anataka ya valvu, yaani ile inayotumia chupa ndogo za kioo kukuza sauti, au ya transista, yaani ile inayotumia vipande vidogo vya elektroniki badala ya chupa hizo. Kwa maoni yangu hilo linapaswa kuwa swali la mwisho. Kabla yake kuna mengine matatu: utapiga wapi na pamoja na nani, unahitaji sauti safi ya kiasi gani mahali hapo, na ni spika gani itakayoibeba sauti hiyo. Anayeyajibu hayo kwa utaratibu hugundua kwamba suala la valvu na transista limekwisha kujijibu lenyewe, au limebaki kuwa suala la uwezo wa mfuko na mgongo wake.

Ni vyema kwanza tuelewane kuhusu neno jazz. Afrika Mashariki bendi nyingi za dansi zilijiita kwa jina hilo, kuanzia Morogoro Jazz na Western Jazz hadi NUTA Jazz, na gitaa lao la solo lilikuwa na sauti nyembamba inayong'aa, yenye kazi ya kupenya katikati ya tarumbeta, ngoma na waimbaji. Gitaa ninalolizungumzia hapa ni la jazz ya Marekani, lile ambalo Charlie Christian alilipiga katika kundi la Benny Goodman kuanzia mwaka 1939, akitumia gitaa la Gibson ES-150 na amplifaya yake ya EH-150, na ambalo baadaye lilikuzwa na kina Wes Montgomery, Jim Hall na Joe Pass. Sauti yake ni nene na ya mviringo, haina makali, lakini kila noti ndani yake inasikika peke yake. Hufanya kazi mbili katika wimbo mmoja: mara linaimba noti mojamoja kama saksofoni, mara linamwekea mwenzake kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, kama kinanda. Amplifaya inayofaa ni ile inayozimudu kazi zote mbili bila mpigaji kulazimika kugusa vitufe katikati ya wimbo.

Sauti safi ndiyo nguzo ya yote, na inafaa kueleza kwa nini, kwa sababu wengi hudhani ni suala la mapenzi tu. Chukua kodi ya C meja iliyoongezwa noti ya saba, yaani C, E, G na B, uipange kwenye gitaa kwa namna ambayo B na C zinakaa jirani kabisa. B hiyo hutetema karibu mara 247 kwa sekunde na C karibu mara 262. Amplifaya ikiwa safi, sikio hupokea noti ulizozipiga, na ule msuguano mtamu wa B na C ndio ladha yenyewe ya kodi. Amplifaya ikizidiwa, sakiti yake huanza kuzalisha mitetemo ambayo hukuipiga, ikiwamo jumla ya hizo mbili, ambayo ni 509, na tofauti yake, ambayo ni 15. Ile ya 15 iko chini ya uwezo wa sikio, lakini huisumbua spika na kuifanya sauti iwe kama tope. Ile ya 509 huangukia kati ya B na C za oktava ya juu, mahali ambapo gitaa lako halina noti yoyote. Hapo nimetaja jozi moja tu, ilhali kodi ya noti nne ina jozi sita. Mpiga roki hapati shida hiyo, kwa sababu akipiga C na G peke yake, jumla na tofauti ya mitetemo yake huangukia karibu na C nyingine na E, ndani ya familia ileile, na mkwaruzo unamwongezea utajiri. Kwa kodi za jazz, mkwaruzo huohuo unakula kile ambacho mpigaji alijifunza kwa miaka.

Kwa hiyo unachokinunua hasa ni akiba: nguvu ambayo amplifaya inabaki nayo baada ya kufikia sauti unayopigia kila siku. Uzi unapopigwa, mshindo wake wa kwanza huwa mkubwa kuliko sauti inayofuata, na amplifaya isiyo na akiba huukwaruza mshindo huo hata kama sehemu iliyobaki ni safi. Hata hivyo usiziamini wati kupita kiasi. Kuongeza nguvu mara mbili, tuseme kutoka wati 50 hadi 100, huongeza desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ambayo sikio linaitambua lakini haliishangai. Ili sauti ionekane imekua maradufu unahitaji takriban desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Kwa upande mwingine, spika mbili zinazofanana kwa ukubwa zinaweza kutofautiana desibeli 3 kwa wati ileile inayoingia. Ukiiondoa spika yenye desibeli 97 ukaweka yenye 100, umepata faida sawa na ya kuongeza wati maradufu, na hukubeba kilo hata moja ya ziada ya transfoma. Hiyo namba huandikwa kwenye maelezo ya spika, na ninashangaa jinsi wanunuzi wachache wanavyoiuliza.

Sasa fikiria mahali. Kwa mazoezi ya chumbani na kufundisha, wati 10 hadi 20 zinatosha na zinazidi. Ukipiga wawili tu, wewe na mpiga besi au mwimbaji, katika mgahawa au ukumbi wa hoteli ambapo watu wanakula, amplifaya ya valvu ya wati 12 hadi 22 itabaki safi, mradi usitake kushindana na mazungumzo ya mezani. Anapoingia mpiga drams mwenye vijiti hesabu hubadilika kabisa. Hapo ningetafuta wati 40 za valvu au wati 60 na zaidi za transista. Na kama unapiga kwenye ukumbi mkubwa au kanisani penye mitambo ya sauti, kazi ya kuifikisha sauti kwa watu ni ya fundi mitambo. Wewe unahitaji amplifaya ya kujisikia na tundu la kutoa sauti kwenda kwake, au maikrofoni mbele ya spika. Niliwahi kununua amplifaya kubwa mno kwa kuhofia siku ambayo ingehitajika. Siku hiyo haikufika, na kwa miaka miwili niliipandisha ngazi na kuishusha huku kitufe cha sauti hakijawahi kupita namba 3.

Kuhusu spika, inchi 12 ndicho kipimo ambacho wapigaji wengi wa jazz hutulia nacho, kwa kuwa inazishika noti za chini bila kuvuma na noti za juu bila kuchoma. Inchi 10 hujibu haraka na husikika wazi zaidi katikati. Super Reverb ya Fender, ambayo Wes Montgomery aliitumia, ina nne za aina hiyo. Inchi 15 hutoa sauti pana na tulivu, na amplifaya za Polytone, ambazo Joe Pass alijulikana nazo sana, zilitengenezwa kwa spika ya 12 au 15. Spika ndogo za inchi 6.5 na 8 zimeboreka mno katika miaka ya karibuni, ila zina mpaka wake: uzi wa sita wa E ukipigwa wazi hutetema karibu mara 82 kwa sekunde, na kisanduku kidogo hakiwezi kusukuma hewa ya kutosha kwa mtetemo huo mbele ya drams. Ukiwa na mpiga besi hilo halikuumizi sana, kwa sababu eneo hilo ni lake na ni heshima kumwachia. Ukipiga peke yako, utalikosa.

Sanduku lenyewe lina usemi mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Sanduku lililo wazi nyuma husambaza sauti chumbani na humfanya mpigaji ajisikie amezungukwa na gitaa lake; lililofungwa huelekeza sauti mbele na huzishikilia noti za chini zisitawanyike. Kwa gitaa lenye mwili ulio wazi ndani, lile la matundu mawili yenye umbo la herufi f, mimi huegemea sanduku lililofungwa. Gitaa hilo ni kama ngoma: sauti ya spika inaligonga tumbo, tumbo linatetemesha nyuzi, kinasa, yaani kile kifaa kilicho chini ya nyuzi, kinaituma sauti hiyo kwenye spika, na mzunguko huo ukikamilika unapata ule mvumo usiokoma ambao mafundi mitambo huuita fidibaki. Ndiyo maana amplifaya zilizokusudiwa magitaa ya namna hii huwa na kitufe cha kuchagua eneo dogo la sauti za chini na kulipunguza, au swichi ya kugeuza mwelekeo wa wimbi. Ikiwa gitaa lako ni la mbao nzima, huna haja ya kulipia vitu hivyo.

Sasa tuje kwenye valvu na transista. Valvu ni chupa ndogo za kioo zinazopata joto, na sifa yake ni kwamba zinapokaribia mwisho wa uwezo hulegea taratibu, zikiubana mshindo wa uzi badala ya kuukata. Sauti inakuwa na unyevu fulani ambao mkono unauhisi kabla sikio halijautambua. Jim Hall alitumia Gibson GA-50, amplifaya ya valvu yenye nguvu ya wastani tu, na mguso wake laini ulikaa humo vizuri. Fender Twin Reverb, yenye wati 85, spika mbili za inchi 12 na uzito unaokaribia kilo 30, ina akiba ambayo ni vigumu kuimaliza. Deluxe Reverb ya wati 22 ni takriban theluthi mbili ya mzigo huo, na kwa vikundi visivyo na drams nzito naiona kuwa chaguo la busara zaidi. Jambo moja kuhusu amplifaya hizi za Fender linawapotosha wanunuzi wengi: sakiti yake ya kurekebisha sauti huchimba shimo katikati ya sauti, mahali ambapo gitaa la jazz lina nyama yake, hata vitufe vyote vikiwa vimewekwa nusu. Anza na besi kwenye 2 au 3, sauti za juu kwenye 3, na sauti za kati ziweke 7 au 8 ikiwa kitufe hicho kipo, kwa maana Deluxe Reverb ya kawaida haina. Watu wamezirudisha dukani amplifaya nzuri kwa kutolijua hili.

Transista kwa muziki huu si chaguo la anayekosa fedha. Kwa kuwa tunataka usafi, na usafi ndio uwezo wake mkubwa, wapigaji wakubwa wameitumia kwa hiari: Joe Pass na Polytone zake, Pat Metheny na Acoustic 134 yake kwa miaka mingi. Roland JC-120, iliyotoka mwaka 1975, ina amplifaya mbili za wati 60 katika sanduku moja, kila moja na spika yake ya inchi 12, na ni safi kiasi kwamba hufichua kila kosa la mkono. Ila ni nzito karibu sawa na Twin, na sauti zake za juu zinahitaji kupunguzwa bila huruma. Tatizo la transista ni pale inapozidiwa, kwani hukata sauti ghafla na mkwaruzo wake ni mbaya. Dawa yake ni kununua yenye wati za ziada, ambazo kwa bahati nzuri ni nyepesi na za bei nafuu kuliko wati za valvu.

Zipo pia amplifaya ndogo za kisasa zilizotengenezwa kwa kumfikiria mpigaji anayepanda basi. AER Compact 60 ya Ujerumani ina wati 60 na spika ya inchi 8 katika uzito wa kilo 6.5, na inapokea maikrofoni pia. DV Mark Little Jazz ya Italia ina wati 45 na spika ya inchi 6.5 kwa takriban kilo 7. Henriksen ya Marekani nayo imejengwa mahsusi kwa wapigaji wa jazz. AER ilikusudiwa kwanza gitaa kavu, kwa hiyo inasema ukweli mtupu: ikiwa gitaa lako la umeme lina sauti nzuri litasikika zuri, na ikiwa lina sauti nyembamba haitakusaidia kuificha. Asiyeweza kuzifikia hizo ajaribu amplifaya ndogo ya kinanda au ya besi. Zote mbili ni safi, hazina shimo katikati, na mara nyingi hupatikana zikiwa zimetumika kwa bei ya chini kuliko yoyote iliyoandikwa neno jazz.

Kwa anayeishi upande wetu, suala la umeme lisiachwe hadi mzigo ufike. Amplifaya iliyouzwa kwa soko la Marekani hutumia volti 120 kwa mzunguko wa mara 60 kwa sekunde, ilhali Tanzania hutumia volti 230 na Kenya 240, kwa mzunguko wa 50. Ukiichomeka hivihivi, ukibahatika utapoteza fyuzi, usipobahatika utapoteza transfoma. Soma bamba la nyuma kabla ya kulipa. Baadhi ya amplifaya nyepesi za kisasa hupokea volti 100 hadi 240 bila kubadilisha chochote, na hiyo ni sababu tosha ya kuzipa kipaumbele. Ikikubidi kutumia transfoma ya kushushia umeme, nguvu yake iizidi kwa nafasi nzuri ile iliyoandikwa kwenye bamba, na ujue kwamba transfoma ya ndani iliyoundwa kwa mzunguko wa 60 peke yake itapata joto zaidi kwenye 50. Waya wa ardhi usikatwe kamwe kwa ajili ya kuondoa mngurumo. Waya huo ndio unaomlinda mwenye kushika nyuzi za chuma kwa mikono miwili. Valvu za akiba nazo ziagizwe mapema, kwa sababu maduka ya vipuri ya kawaida hayana, na katika amplifaya nyingi valvu za mwisho zikibadilishwa fundi anatakiwa kupima na kurekebisha mkondo wake. Usifungue sanduku la valvu mwenyewe, hata likiwa limechomolewa, kwa sababu kapasita zake huweza kuhifadhi umeme wa kuua.

Baada ya hayo yote, kilichobaki ni kwenda kusikiliza, nako kuna utaratibu wake. Nenda na gitaa lako na waya wako, kwa kuwa gitaa la dukani lina nyuzi ambazo si zako. Ikiwa hujawahi kutumia nyuzi zilizozungushiwa utepe bapa, zinunue kabla ya amplifaya, maana zinaondoa makali mengi kwa fedha kidogo, na huenda ukagundua kwamba amplifaya uliyonayo haikuwa na kosa. Chagua kinasa cha upande wa shingo, zima mwangwi na madoido yote, kisha piga kodi za noti mbili tu, ya tatu na ya saba, katika mfululizo wa D maina, G saba na C meja, taratibu, ukiziacha zilie hadi zife. Noti mbili hizo hazina pa kujificha. Zikisikika zimeungana kuwa kitu kimoja kisichoeleweka, ondoka hapo. Kisha panda uzi wa kwanza juu ya kizuizi cha 12, kile kipande cha chuma kilicholala kwenye shingo ya gitaa, na upige wimbo wa polepole, uhakikishe kwamba noti hazikondi. Shuka uzi wa sita, noti kwa noti, ukisikiliza kama kuna moja inayoruka na kuvuma kuliko jirani zake. Mwisho, pandisha sauti hadi kiwango cha bendi yako na upige nyuzi zote sita kwa nguvu kuliko unavyopiga kawaida. Muuzaji asipokuruhusu kufanya hili, hujaijaribu amplifaya, umeitazama tu.

Halafu mpe mtu mwingine gitaa, usimame mita nne au tano mbele ya spika, masikio yako yakiwa usawa wake. Sauti za juu husafiri kama mwale wa tochi. Anayesimama karibu, na amplifaya ikiwa sakafuni, anaielekeza kwenye miguu yake na kuwachoma walioketi mbele. Sakafu nayo huongeza sauti za chini, na pembe ya ukuta huongeza zaidi, kwa hiyo amplifaya uliyoiona inavuma kupita kiasi iweke kwanza juu ya kiti, mbali na kona, kabla hujaihukumu. Nimeona hatua hiyo moja ikibadilisha uamuzi wa mtu aliyekuwa ameshafunga begi la gitaa.

Kwa amplifaya iliyotumika, ongeza ukaguzi mfupi: iache ikiwa imewashwa dakika 20 bila kupigwa, usikilize kama mngurumo unaongezeka na unuse kama kuna harufu ya kuungua, zungusha kila kitufe taratibu, mulika tochi kwenye karatasi ya spika kutafuta mpasuko, na kama ni ya valvu, gonga kila chupa kwa upole kwa kifutio cha penseli. Inayolia kama kengele kupitia spika ni ya kubadilishwa, na gharama yake ipunguzwe kwenye bei. Vitufe vinavyokwaruza si tatizo kubwa. Mngurumo unaokua ni tatizo.

Usinunue siku ileile. Rudi siku nyingine asubuhi, masikio yakiwa hayajachoka, upige zilezile noti mbili za D maina, G na C kabla ya kitu kingine chochote.